Kabla ya Kava, Tuandikieni Bei

Kikao kilichopita cha Bunge letu la wanafunzi kilitumia dakika arobaini na tano kujadili rangi. Ilikuwa rangi ya makava ya menyu, yale yatakayowekwa kwenye mgahawa wetu wa wanafunzi ukarabati utakapokamilika. Wizara inayohusika ilileta hoja ya kununua makava 40 ya ngozi bandia, yenye nembo ya chuo iliyopigwa kwa rangi ya dhahabu, kona za chuma, na mifuko ya plastiki ndani ya kuingizia karatasi. Wabunge wa kitivo kimoja wakataka maruni. Wa kitivo kingine wakataka nyeusi, eti haionyeshi uchafu. Mheshimiwa mmoja akasimama kutuambia kwamba kijani ndiyo rangi ya afya. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye viti vya wasikilizaji, nikisubiri mtu mmoja tu aulize humo ndani ya kava kutaandikwa nini. Hakuna aliyeuliza.

Basi niulize mimi hapa. Na nianze kwa kusema kwamba makava siyapingi. Ukarabati umefanyika vizuri, viti vipya nimevikalia, feni zinazunguka, na yule aliyeamua sinki la kunawia mikono lihamie mlangoni Mungu ambariki. Lakini kava la menyu ni chombo cha kubebea habari, na habari inayotafutwa na mwanafunzi aliyeingia pale saa saba mchana ni moja kubwa kuliko zote: bei gani? Tukinunua kava kabla hatujaamua bei itaandikwa wapi, kwa lugha gani, na itasomwa na mtu aliyesimama umbali gani, tutakuwa tumenunua fremu hatuna picha.

Kwa wasioujua mgahawa wetu (mpo, ninyi watu wa pasi ndefu, na ninyi mnaopika kwa jiko la umeme kinyume cha sheria za hosteli, nawasalimu), mambo yanakwenda hivi. Unaingia foleni. Unachukua sinia. Unafika kwa mama anayepakua, unamwamkia, unauliza leo kuna nini. Anakutajia kwa pumzi moja: wali maharage, wali nyama, wali kuku, ugali dagaa, ugali samaki, ndizi nyama, makande yameisha. Bei hazimo kwenye hiyo orodha. Ukizitaka inabidi uulize moja moja, na nyuma yako kuna watu ishirini wenye kipindi saa nane. Kwa hiyo watu hawaulizi. Unachagua kwa macho, unapakuliwa, unasogea mpaka kwa dada wa kaunta, na pale ndipo unatajiwa unadaiwa kiasi gani. Chakula tayari kiko kwenye sahani yako.

Wiki ya pili ya muhula huu nilikuwa nyuma ya kijana wa mwaka wa kwanza. Unawajua tu, bado wanatembea na lile begi la mizigo ya kutoka nyumbani kama begi la darasani. Alichukua ugali samaki. Dada wa kaunta akamwambia shilingi 3,500. Kijana akatoa noti mbili za elfu moja, akazikunjua, akazishika tu pale. Hakuna aliyemkaripia, niseme ukweli. Dada alimwambia kwa upole, "Mdogo wangu, rudisha samaki, nikuwekee maharage." Akarudi nayo ile sahani mpaka mwanzo wa foleni, akipita mbele yetu sote, samaki akaondolewa na koleo akarudishwa kwenye trei, mchuzi ukabaki kwenye ugali. Watu walitazama simu zao. Tangu siku ile sijamwona tena mgahawani. Namwona jioni pale kwa muuza mandazi, karibu na geti.

Watu wengine wanalichukua hilo kama jambo dogo. Lifanyie hesabu. Fedha ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo, kwa mwanafunzi anayepata kiwango kamili, ni shilingi 10,000 kwa siku, tangu mwaka wa masomo 2022/2023 ilipopandishwa kutoka 8,500. Inakuja kwa mafungu, ndilo hilo bumu tunaloliimba, na humo mna kitanda, mna chakula, na kwa wengi wetu mna nauli, bando, na mdogo wako kijijini anayesubiri madaftari. Kuna wanaopata pungufu ya hapo, na kuna wasiopata kabisa. Mtu wa namna hiyo anaishi kwa kupanga. Anajua Jumatatu atakula cha kiasi gani ili Alhamisi asilale na njaa. Ukimficha bei mpaka dakika ya mwisho umemvurugia mpango wa wiki nzima, na juu yake umemwaibisha.

Wapo wanaosema bei pale hutegemea sura ya mteja. Mimi hilo sijaliona, na mama zetu wale siwatuhumu. Ila bei isiyoandikwa haina ushahidi. Hata mama mwaminifu kabisa, siku akisingiziwa, hana cha kujitetea nacho.

Jumamosi moja nikashuka Kariakoo kuangalia hayo makava yenyewe, maana niliona aibu kuandika juu ya kitu sijakishika. Nilizunguka maduka ya vifaa vya ofisi na yale yanayouza vyombo vya hoteli. Nilijifunza mengi kuliko nilivyotegemea, na ndiyo maana sehemu hii itakuwa ndefu, mnivumilie.

Ngozi bandia ndiyo inayopendwa. Ukilishika kava lake linajaa mkononi, zito, linafunguka bila kelele, unajisikia umefika mahali. Lakini nyingi ya hiyo "ngozi" ni kitambaa kilichopakwa tabaka jembamba la plastiki. Zile za bei ya kati hupakwa poliyurethani, na poliyurethani ina adui wawili, joto na unyevunyevu. Sisi tunaishi navyo vyote mwaka mzima. Mnaokaa na yale makochi ya ngozi nyumbani mnajua kinachotokea: baada ya muda yanaanza kumenyuka vipande vidogo kama ganda la mtu aliyeungua jua, na vile vipande vinaganda kwenye shati. Sasa fikiria kava hilo likishikwa mara mia kwa siku na mikono yenye mafuta ya chipsi, halafu likifutwa kwa dawa yenye spiriti. Nembo ya dhahabu ndiyo inayoanza kutoka. Muuzaji mwenyewe, mzee mmoja mstaarabu, nilipomwuliza litadumu muda gani alicheka akaniambia, "Inategemea mnakula nini."

Ngozi halisi ipo, bei yake sitaitaja nisije nikaleta ugomvi. Nayo inakunywa mafuta, na ikikaa kabatini kipindi cha masika inaota ukungu.

Kuna mbao, kipande chembamba cha mninga chenye klipu ya chuma juu. Hizi nilizipenda kweli. Zinatengenezwa na mafundi wetu hapahapa, zina harufu nzuri, na karatasi inabadilishwa kwa sekunde moja. Tatizo ni kwamba karatasi iko uchi, na mbao isiyopigwa vanishi vizuri inanywa mchuzi. Kuna za kitenge, unaziona sana kwenye migahawa ya watalii kule Zanzibar, kadibodi ngumu iliyovikwa kitambaa. Zinapendeza kwenye picha. Lakini kitambaa na mchuzi wa nazi havikai pamoja, baada ya mwezi kava linanuka kama kitambaa cha kufutia meza.

Halafu kuna laminesheni, ambayo wengi tunadhani ndiyo jibu la kimaskini. Karatasi inawekwa katikati ya plastiki mbili, inapitishwa kwenye mashine ya moto, basi. Pale stationeri nje ya geti wanafanya kwa bei ya soda. Maji hayaingii, mradi aliyekata aache ukingo wa plastiki kuzunguka karatasi. Akikata sawa na karatasi, maji yanapenya pembeni na karatasi inavimba. Ubaya wake mkubwa ni mwingine. Ukishaifunga, umeifunga. Bei ikibadilika huwezi kuingiza mkono humo ndani ukaandika upya. Unabandika stika nyeupe juu ya bei ya zamani, mwezi ujao unabandika nyingine juu ya ile stika. Kuna hoteli moja ya mjini niliyowahi kuingia na mjomba, chipsi kuku ilikuwa na stika tatu, moja juu ya nyingine, mpaka pamefura. Nikazibandua taratibu kwa ukucha kama mtu anayesoma historia, nikarudi mpaka bei ya kabla ya 2022, mwaka ule mafuta ya kupikia yalipopanda dunia nzima baada ya vita vya Ukraine. Mjomba akaniambia niache, tutadaiwa.

Hizo stika ndizo zilizonifundisha jambo ambalo Bunge halikuligusa. Kava hudumu miaka. Menyu ya chakula chetu haidumu hata mwezi. Nyanya zikiadimika, bei ya mchuzi inasogea. Mwezi wa Ramadhani vyakula vya mchana vinapungua na futari inaingia. Dagaa wapo leo, kesho hawapo. Kwa hiyo kigezo cha kwanza cha kuchagua kava kiwe hiki: mama wa jikoni, bila kuomba fedha wizarani, anaweza kubadilisha kilichomo asubuhi moja? Lile la kukunja lenye mifuko ya plastiki angavu, kama faili la kawaida, linaweza. Mbao ya klipu inaweza. Laminesheni haiwezi. La ngozi bandia lenye mifuko nalo linaweza, haki yake nalipa, ila kwenye sampuli iliyoletwa Bungeni karatasi zenyewe zimechapwa kwa rangi kwenye karatasi nene yenye nembo, na za akiba hazimo kwenye bajeti. Zikichakaa hizo, au bei zikibadilika, tutarudi kwenye stika.

Hapo bado hatujafika kwenye kusoma. Mimi nasoma ualimu, na mwaka jana nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika sekondari moja yenye madarasa ya wanafunzi themanini. Kitu cha kwanza tulichoambiwa kuhusu zana ni kwamba ukishachora chati yako ya manila na kuibandika ubaoni, usimwite msimamizi aione. Nenda kakae wewe mwenyewe dawati la nyuma kabisa, dirishani, pale jua linapopiga. Kama huisomi, ishushe ukaandike upya, haijalishi umeichora vizuri kiasi gani. Wachora mabango wana kanuni yao inayofanana na hiyo: kwa kila mita 3 za umbali, herufi iwe na kimo cha sentimita 2.5 hivi ndipo isomeke bila kukunja uso. Kutoka mlango wa mgahawa wetu mpaka kaunta ni kama mita 6. Herufi za sentimita 5, basi, na mtu anajua bei zote kabla hajashika sinia.

Makava yote 40, ya rangi yoyote mtakayopatana, hayawezi kufanya kazi hiyo. Yatakaa mezani. Na mezani kwetu mtu anafika akiwa tayari na sahani! Mgahawa wetu ni wa foleni, hakuna mhudumu anayekuja kukuandika. Hili ndilo linalonishangaza kuliko yote. Tunataka kununua kava la mgahawa wa kuhudumiwa mezani na kulitia kwenye mgahawa wa kujihudumia, ambako litasomwa na mtu ambaye ameshalipa.

Kuna wenzetu wenye uoni hafifu pia, wakiwemo wenye ualbino, ambao mwanga mkali ni adha kwao. Plastiki inayong'aa chini ya taa zile ndefu za darini inarudisha mwanga usoni na maandishi yanapotea. Ipo plastiki isiyong'aa, bei haitofautiani sana, kinachotakiwa ni mtu akumbuke kuiomba. Wasioona kabisa nao wanakula. Kitengo cha mahitaji maalumu kinachapa mitihani kwa nukta nundu kila muhula, ukurasa mmoja wa menyu hauwezi kuwashinda. Ila ukurasa huo msiuingize kwenye mfuko wa plastiki! Nukta nundu zinasomwa kwa ncha ya kidole, ukizifunika umezifuta. Uachwe nje, kwenye karatasi yake nene, uning'inie kaunta mahali panapojulikana.

Na lugha. Karatasi ya mfano iliyokuwa ndani ya sampuli ilikuwa ya Kiingereza mwanzo mpaka mwisho. Makande yamegeuzwa kuwa sentensi ya maneno tisa kuhusu mahindi na kunde zilizopikwa polepole. Dagaa wamekuwa samaki wadogo waliokaushwa wa ziwani. Nilimwonyesha mama mmoja wa jikoni picha yake kwenye simu, akaniuliza, "Hiki ndicho chakula gani, mwanangu?" Chakula anachokipika yeye kila siku. Mpishi haelewi, mpakuaji haelewi, mlaji anaelewa lakini lazima akitafsiri ndipo akiagize. Wageni kutoka nje tunao, na ni wenzetu. Waandikiwe Kiingereza chini kwa herufi ndogo. Jina la juu liwe lile analolitamka mama.

Kuhusu ule msimbo wa QR, mraba wenye madoadoa ambao baadhi ya wabunge waliupendekeza kama njia ya kisasa, nitapita haraka. Ulienea sana kwenye migahawa ya nchi nyingi mwaka 2020, wakati wa korona, watu walipoogopa kushika karatasi moja. Unahitaji simu janja, chaji, na bando. Mtu ambaye bando lake limeisha ndiye hasa anayehitaji kujua wali maharage ni bei gani.

Sasa nije kwenye hoja nzito ya upande wa pili, maana ipo. Mheshimiwa waziri alisema, na alisema kwa uchungu, kwamba tumechoka kuonekana watu wa hali ya chini. Kwamba wahadhiri hawaingii pale, wageni wa mahafali wanapelekwa nje ya chuo, na kwamba mwanafunzi naye anastahili kufungua kitu kizuri mkononi angalau mara moja kwa siku. Hilo la mwisho lilinigusa. Sipendi maneno ya "kwani sisi nani", kana kwamba mtoto wa mkulima akipewa kitu kizuri atakivunja. Vitu vizuri tunavistahili.

Lakini heshima ya kuficha bei ina historia yake, na haipendezi. Neno menyu tumelipata kutoka Ufaransa. Kabla ya migahawa kushamiri Paris mwishoni mwa karne ya 18, msafiri kwenye nyumba ya wageni alikula kilichopo, kwenye meza ya pamoja, saa iliyopangwa. Migahawa ikaja na orodha, kila chakula na bei yake pembeni, mtu akachagua kulingana na mfuko wake. Yaani bei kuandikwa ilikuwa sehemu ya uvumbuzi wenyewe. Baadaye hoteli za kifahari zikaanza mtindo mwingine: mwanamume anapewa menyu yenye bei, mwanamke aliyefuatana naye anapewa isiyo na bei, kwa kuwa ilichukuliwa kwamba halipi yeye. Mwaka 1980, huko West Hollywood, California, mwanamke mmoja alimwalika mshirika wake wa biashara chakula cha jioni. Mwenye kulipa ni yeye, na akapewa menyu isiyo na bei. Shauri likafunguliwa, na mgahawa ukaachana na mtindo huo. Najua sisi hatubagui namna hiyo. Ninachosema ni kwamba mwenye kufichwa bei siku zote amekuwa yule anayehesabiwa kuwa nje ya mazungumzo ya fedha, na kava lake lilikuwa zuri sawasawa na la mwenzake.

Hoja nyingine niliipata jikoni, na hii ndiyo iliyonisumbua zaidi kuliko ya waziri. Mama mmoja aliniambia bei ikiandikwa anafungwa mikono. Leo akimwona mwanafunzi amesimama na shilingi 1,000, anampakulia wali kidogo na maharage, hasemi kitu. Ukiandika kwamba wali maharage ni 1,500, yule wa 1,000 hatasogea kabisa. Ataisoma kutoka mlangoni na kugeuka. Ni kweli. Orodha ya bei inafungua mlango kwa mmoja na kumfungia mwingine, na huruma ya mama haiingii kwenye jedwali. Nilikaa na hilo siku kadhaa. Jibu nililopata si kamili: ile sahani ya huruma nayo iandikwe. Nusu sahani, wali maharage, 800. Ikiandikwa inakuwa chakula kama vyakula vingine, mtu anaiagiza kwa sauti bila kutegemea kwamba leo mama yuko kwenye hali nzuri. Na mama akitaka kuongeza kijiko juu yake, nani atamzuia?

Ninachopendekeza kwa hiyo ni ubao mmoja mkubwa pale mlangoni, mwanzo wa foleni, plaiwudi iliyopakwa rangi nyeusi ya ubao wa darasani, uandikwe kwa chaki kila asubuhi. Chakula cha bei ya chini kiwe juu kabisa, tusifuate ule ujanja wa hoteli wa kuweka kuku wa kuchoma juu na maharage kwenye kona. Juu ya kaunta na kwenye meza chache za pembeni yawekwe makava 12 ya kawaida ya kukunja, plastiki isiyong'aa, karatasi za A4 ndani, Kiswahili kikubwa na Kiingereza kidogo. Na ukurasa mmoja wa nukta nundu.

Gharama nimeziulizia. Kava la ngozi bandia lenye nembo, kwa oda ya 40, niliambiwa shilingi 18,000 moja, jumla 720,000. Fundi seremala wa pale karibu na hosteli anautaka ubao kwa 60,000, rangi ndani yake. Makava 12 ya plastiki kwa 3,500 ni 42,000. Kuchapa karatasi 12 kwa 500 ni 6,000. Jumla 108,000. Tofauti ni shilingi 612,000, ambazo kwa bei ya leo ni sahani 408 za wali maharage, sahani nzima, si nusu. Wizara ikitaka kulinunua kava moja la maruni lenye dhahabu kwa ajili ya meza ya wageni wa mahafali, mimi nitalipigia makofi.

Hoja inarudi Bungeni wiki ya nane ya muhula. Marekebisho niliyoyaeleza yameshapelekwa na mbunge wa kitivo chetu. Zinatakiwa sahihi za wabunge kumi yaingie kwenye ratiba, na mpaka naandika haya ziko saba. Mbunge wako unamjua. Sampuli tatu za makava ziko mezani ofisi ya wizara, na mwanafunzi yeyote anaruhusiwa kwenda kuzishika saa za kazi. Ukienda, beba mchuzi kidogo kwenye kikopo.